Sauti ya Zimwi

Kazini kwangu kuta zimevaa magodoro.
Ghorofa ya tatu, Ngara, juu ya duka la vioo,
Odera hufunga dirisha, huzima hata feni,
kisha huinua kidole: sasa.
Nami, mama wa watoto wawili,
mwenye deni la karo na nusu kilo ya nyanya mkobani,
nakuwa zimwi.

Ni katuni ya hadithi ya kale, ya nchi ya theluji:
zimwi jike linaloishi chini ya kinu cha maji
limemeza watoto saba wa msagaji.
Wamelichora vizuri, meno kama funguo,
nywele za moshi, kiuno chembamba ajabu
kwa aliyekwisha kula saba.

Taabu ni mdomo.
Kwao neno ni fupi: mdomo hufunguka, hufumba, basi.
Neno langu limebeba mtenda, wakati na mtendwa,
kama mtu anayehama na vyombo vyake vyote.
"Nitawameza," nasema, na mdomo umeshafumba
kwenye "nita".
Odera anacheka. Tunarudia. Nakohoa.
Mwisho nikapata: "Njooni."
Neno dogo. Lilitisha kuliko kumeza.
Kikohozi nacho Odera alikiacha,
akasema kinalifaa zimwi.

Nikarudi Umoja koo limekwaruzwa
kama sufuria ya ugali.

Ijumaa ikaonyeshwa.
Ndinda na kaka yake Muthiani wameoga, wamepakwa mafuta,
bisi kwenye beseni la plastiki.
Nilikaa nyuma yao, sikusema neno,
nikingoja wanijue.

Hawakunijua.
Zimwi lilipoita "Njooni,"
Ndinda alirudi kinyumenyume, kinyumenyume,
akapanda mapajani mwangu,
akajificha kwangu nisimpate.

Kisha tokeni zikaisha.
Mita ikalia tii, na giza likaketi nasi.
Kwenye simu nilikuwa na shilingi kumi na mbili.

"Wametoka?" Muthiani akauliza. "Wale saba?"
Najua wanavyotoka, nilipewa karatasi zote.
Kwa kuwa ni ya kutazamwa na familia, hakuna kisu:
zimwi linapiga chafya, watoto wanamwagika nje, wakavu,
wanalisamehe, wanacheza,
na jina langu linapita chini mbio,
herufi ndogo kama sisimizi.

"Paukwa," nikasema.
Kimya. Hawakujua zamu ni yao.
"Sawa," akajibu Ndinda.

Nikawapa ile ya mama yangu, ya Mwingi,
ambayo hakuna aliyeichora.
Humo zimwi likifa haliombi radhi,
linasema: kateni kidole changu cha mwisho.
Na kidoleni wanatoka, mbuzi kwanza,
ng'ombe wa jirani, wanawake na vibuyu vyao,
hata baba mmoja asiyetaka kutoka
maana mle ndani hakuna aliyemdai.
"Kidole hiki?"
"Hicho."
Wakakishika changu gizani, mmoja baada ya mwingine,
wakikipima kama ng'ombe anapita.

Hapo ukuta ukanguruma.
Kwa Mama Bosibori stima zipo,
kwao hadithi ilikuwa ndiyo inafika kinuni.
"Njooni," nilisema kule upande wa pili
kwa sauti niliyokwisha kuiuza,
na watoto wa jirani wakapiga yowe la raha.

Kisha nikakohoa, kule.

Ndinda alikaza kidole changu.
Kikohozi kile anakijua,
amelala kando yake tangu baridi ya Julai.
Nilisikia akifikiri,
pumzi yake ya chumvi shavuni pangu.

"Mama," akanong'ona, "wewe ulimezwa lini?"

Muthiani alikwisha simama,
anapapasa kuelekea jikoni, kwenye kisu.

"Jumatatu," nikamwambia.
"Saa mbili hadi saa kumi na moja.
Mchana walinitoa kidogo, nikale."